Fundi wa haidroliki wa Tanga apewe cheti chake

Bandari ya Tanga ya leo si ile ya matishari. Kina cha maji gatini kimechimbwa kutoka mita 3 hadi 13, gati zimejengwa zenye urefu wa mita 450, na meli zilizokuwa zikitia nanga mbali na kupakuliwa kwa matishari sasa zinafunga gatini. Watu wakiyazungumzia mabadiliko haya hutaja kina, fedha na idadi ya meli. Mimi macho yangu huwa kwenye mashine. Foklifti, shaveli, ile mitambo yenye mkono mrefu inayobeba kontena, zote zinanyanyua kwa mafuta yanayosukumwa kwa presha ndani ya silinda, na hiyo ndiyo haidroliki. Mafuta hayo yakikosa presha mzigo haupandi, na meli inasubiri.

Yakivuja, anaitwa nani? Kwa ninavyoona hapa mjini, kwanza anaitwa kijana wa gereji asiye na karatasi hata moja ya kuonyesha anachokijua. Kazi ikionekana kubwa anapigiwa simu mtaalamu wa Dar es Salaam, au wa nje ya nchi kabisa, na huyo hulipwa nauli, hoteli na posho. Mara nyingi nimeona yule wa gereji ndiye anayeshika spana tangu asubuhi, na mgeni ndiye anayesaini ripoti. Waja leo, waondoka leo, ndivyo Tanga inavyotambulishwa tangu zamani, na mtaalamu wa mitambo ya presha hapa kwetu bado ni wa namna hiyo. Nataka awe mkaazi. Nataka awe mtu wa Ngamiani au Pongwe au Muheza, mwenye cheti cha kazi yake hasa, na mwenye wenzake wanaomtambua.

Ninaandika haya kwa sababu kazi yangu ni hosi za presha. Wanakuja kwangu na hosi iliyopasuka, nakata nyingine, nabana vichwa vyake kwa mashine, wanaondoka. Katika kusubiri mafundi huzungumza, na mtu akikaa nao muda mrefu anajua nani anajua na nani anabahatisha.

Kuna mzee mmoja ninayemheshimu sana. Kazi alijifunzia karakana ya shamba la mkonge, akianza kama spana boi kwenye mashine za kukandamiza singa, yaani nyuzi za mkonge, ziwe marobota ya kilo 250. Siku moja aliletewa tipa ambayo bodi haipandi. Mwenye gari alikuwa ameshaambiwa na gereji nyingine kwamba pampu imekufa, na alikuwa njiani kwenda kununua nyingine. Mzee hakugusa pampu. Aliomba geji ya kupima presha, akaifunga kwenye njia ya mafuta, akamwambia dereva awashe na kuingiza pampu. Mshale ulipanda kidogo ukasimama kwenye bar 40, na pale ulipaswa kuvuka 150. Akamwambia azime. Akafungua rilifu valvu, ile inayoachia mafuta presha ikizidi, akaimwaga juu ya kitambaa safi, na humo mkakutwa kipande cha oring'i, ile pete ya mpira ya kuzuia mafuta yasivuje, cheusi, hakizidi ukucha wa kidole kidogo, kimeizuia valvu isifunge. Akakitoa, akasafisha, akarudisha. Bodi ikapanda.

"Bosi, pampu yako nzima," alimwambia. "Pampu kazi yake ni kutoa mafuta. Presha inaletwa na mzigo. Mafuta yakipata pa kukimbilia, hata ukinunua pampu mpya presha haiji."

Maneno hayo machache ndiyo msingi wa fani nzima, na nimekutana na watu wenye stashahada ambao hawajayaelewa hivyo. Pampu haitengenezi presha. Inasukuma mafuta, na presha inatokea pale mafuta yanapokutana na kizuizi. Asiyelijua hilo hubadilisha spea moja baada ya nyingine kwa hela ya mwenye gari mpaka abahatishe. Anayelijua huanza na geji. Lakini ukimwuliza mzee huyu vyeti vyake, hana. Mkandarasi akitangaza kazi na kuandika "awe na cheti", mzee anabaki nje ya geti.

Kuna jambo jingine linalonisukuma kuliko ajira, nalo ni mikono na roho za watu. Silinda yenye kipenyo cha milimita 100 ikipewa mafuta ya bar 200 inasukuma kwa nguvu ya karibu tani 16. Tairi la lori lina kama bar 8. Kijiko kinachochimba mtaro kinaweza kufika bar 350. Kwa presha hizo, hosi ikitoboka tundu la sindano, mafuta yanatoka kama uzi mwembamba ambao mara nyingine hauonekani kabisa. Unaona ukungu tu na unyevunyevu. Nimewaona vijana wakilitafuta tundu hilo kwa kupapasa hosi kwa kidole huku injini inaunguruma. Mafuta yale yanapenya glavu na ngozi, yanaingia ndani ya mkono.

Na ubaya wake ni kwamba mwanzoni jeraha haliumi sana. Inabaki alama ndogo kama ya kuchomwa na mwiba. Kijana anafuta, anameza panadol, anaendelea na kazi. Baada ya saa chache mkono unavimba na kufa ganzi, kwa sababu ndani mafuta yanaharibu nyama na kuziba damu. Jeraha la namna hiyo linataka daktari wa upasuaji siku hiyo hiyo, mapema, na aambiwe wazi kwamba ni mafuta ya presha yaliyoingia, asije akadhani ni mchubuko. Akichelewa, kidole au mkono unaweza kukatwa. Tundu linatafutwa kwa kipande cha boksi au ubao ulioshikwa kwa mbali, miwani ikiwa usoni. Kabla ya kufungua nati yoyote mashine inazimwa, mzigo unashushwa chini na presha inaachiwa. Na hakuna kuingia chini ya bodi ya tipa iliyopanda bila kuiwekea nguzo yake ya chuma, hata kama ni kwa dakika moja. Mambo haya hayahitaji mtaala mkubwa. Yanahitaji mtu mwenye mamlaka ya kumwambia kijana "hapana", na mamlaka hayo hayapo kwenye kazi isiyo na mwenyewe.

Fundi umeme ana mwenyewe. Akitaka kufunga umeme wa majumba anatafuta leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, yenye daraja lake, na mteja anaweza kuiulizia. Mchomeleaji wa bomba la mafuta hupimwa kabla ya kukabidhiwa kazi. Bomba la kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani hapa Tanga lina kilomita 1,443 na kila maungio yana mtu anayewajibika nayo. Fundi wa haidroliki anaitwa makenika tu, sawa na anayebadilisha breki za bajaji. Haidroliki na mitambo ya upepo, yaani ya hewa iliyokandamizwa, hufundishwa kama kipande ndani ya ufundi mitambo au ufundi magari. Mwanafunzi anapita juu yake, anachora alama chache, anaendelea.

Matokeo yake vijana hawaijui. Mwulize mhitimu wa kidato cha nne wa Pongwe, anayeishi mita chache kutoka kiwanda cha saruji, atakutajia udereva, umeme, kompyuta. Hajui kwamba ndani ya ukuta ule kuna watu wanaolipwa kwa kuzifahamu pampu, valvu na silinda peke yake. Mzazi wake pia hajui, na mzazi hamlipii mtoto ada ya kitu asichokijua.

Hata Marekani, ambako viwanda vya fani hii vina chama chao tangu 1953, sekta inalalamika kwamba haionekani, kwa sababu bidhaa zake hukaa ndani ya mashine zenye majina ya wengine. Lakini wenzetu wale wamefanya kitu: fundi wao anaweza kufanya mtihani wa kuandika na wa vitendo wa haidroliki au wa mitambo ya upepo, akapewa cheti kinachosema hivyo, na mwajiri akakielewa.

Nimeambiwa na watu ninaowaheshimu kwamba Tanga ni ndogo, kwamba soko halitoshi fani kujitegemea. Siafiki. Hesabu sehemu zinazotumia ujuzi uleule: bandari, viwanda vya saruji na chokaa, machimbo ya mawe, korona za kuchuna mkonge na mashine za marobota yake, matrekta, magreda ya barabara, malori yote ya tipa, breki za upepo za reli na mabasi. Kule Hale, kituo cha megawati 21 kilichoanza 1964, na Pangani chenye megawati 68, milango inayopima maji ya kuingia kwenye tabo, yaani turbini ya kuzalisha umeme, inasogezwa na mafuta ya presha. Aliyeielewa mashine ya marobota hahitaji kuanza upya akienda bandarini. Atajifunza mpangilio tofauti, lakini pampu ni pampu, na mchoro wenye alama za kimataifa unasomeka vilevile Muheza na Mombasa. Fani hii haimfungi mtu kwa mwajiri mmoja, na kwa mkoa ambao watu wake waliwahi kuona mkonge ukianguka bei na mashamba yakifungwa, hilo lina uzito.

Zaidi ya hapo, Tanga ina ugumu wake ambao unaweza kuifanya shule nzuri. Vumbi la saruji linaingia kwenye tangi la mafuta kupitia kifuniko kisicho na chujio. Chumvi ya bahari inakula kromu ya fimbo ya silinda, kromu ikivimba inachana sili, ule mpira unaozuia mafuta yasitoke, sili ikichanika mafuta yanavuja na uchafu unaingia. Hewa yetu ina unyevu mwingi, kwa hiyo tangi la kompresa lisipofunguliwa bomba la chini kila siku linajaa maji, maji yanakwenda kwenye valvu, na valvu inagoma. Unywele wa mtu una unene wa kama maikroni 70, na maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Nafasi kati ya vipande vya ndani vya pampu inaweza kuwa maikroni 5 au pungufu. Uchafu unaoua pampu hauonekani kwa macho. Ndiyo maana naumia nikiona silinda inafunguliwa juu ya mchanga, kaskazi inavuma, na inafutwa kwa tambara linaloacha nyuzi. Fundi anayefanya hivyo si mvivu. Hajawahi kuonyeshwa meza safi na kuambiwa kwa nini.

Sasa, tuanzie wapi? Wengi watasema tujenge chuo. Mimi nasema tuanze na watu waliopo. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi iliyoundwa kwa sheria ya 1994, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Tumewaona waashi, maseremala, wapishi na mafundi magari wakipimwa na kupewa vyeti kwa kazi waliyojifunza mtaani. Mafundi wa haidroliki wa mkoa huu wapimwe kwa njia hiyo, kwa haidroliki yenyewe, wasiingizwe kwenye kapu la ufundi magari. Mtihani uwe wa vitendo: hapa kuna mtambo umeharibiwa makusudi, hapa kuna geji, tafuta kosa, eleza ulivyolipata, na ukifungua kitu tuone umekifungua wapi na mikono yako ikoje. Mzee wangu wa mkonge angefaulu asubuhi, na mchana angewafundisha wengine. Na afundishe kweli, kwa malipo, kama mwalimu wa karakana. Kumwita mara moja kuhutubia wanafunzi haitoshi.

Viwanda navyo vina deni. Nafahamu vijana walioomba kufanya mazoezi ya kazi wakaambiwa nafasi zipo za ofisini tu, karakana hairuhusiwi. Naelewa hofu ya ajali na ya siri za kiwanda. Lakini kiwanda kinachofunga karakana yake leo kitaendelea kumlipia mgeni hoteli kesho, na mashine itaendelea kulala siku 2 au 3 ikimsubiri. Kila mtaalamu anayeletwa kutoka mbali apewe kijana wa Tanga wa kufuatana naye mwanzo hadi mwisho, iandikwe kwenye mkataba wa kazi, na kijana huyo aandike ripoti yake mwenyewe pembeni ya ile ya mgeni.

Mafundi wenyewe tuna letu pia. Tuunde chama, hata kama tutaanza na watu kumi chini ya mwembe. Chama kinaweza kununua geji moja nzuri ya kuazimana, kikakubaliana kwamba hakuna mwanachama anayemwacha kijana apapase hosi kwa kidole, na kikamtetea fundi anayekataa kufanya kazi chini ya bodi isiyo na nguzo. Mabinti nao wakaribishwe mapema; sioni sehemu yoyote ya kusoma mchoro, kupima presha na kuunga valvu inayotaka mabavu.

Na kuna jambo linaloweza kufanyika wiki hii bila bajeti ya mtu. Pampu na silinda zilizochakaa hapa mkoani huishia kuuzwa skrepa kwa kilo. Ziende karakana za VETA na shule za ufundi. Zikatwe ubavuni ili ndani paonekane: meno ya gia, mikwaruzo iliyochorwa na vumbi, sili iliyochanika, fimbo iliyoliwa na chumvi. Kwangu kuna rundo la hosi zilizopasuka na vichwa vyake. Mwalimu yeyote anayezitaka aje azichukue, na nitamweleza kila moja ilipasukia wapi na kwa nini.