Kabla ya Kompyuta, Shika Futi Kamba

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, wanaotaka kusomea usanifu majengo huuliza mambo mawili kuliko yote: kompyuta ipi inafaa, na kama asiyejua kuchora ana nafasi. La kompyuta linaweza kusubiri. La kuchora lina jibu fupi: hakuna atakayekuambia umchore simba au sura ya mtu ndipo upokelewe. Unachotakiwa kukijua ni kuutazama ukuta ukakadiria urefu wake, kisha kuuweka kwenye karatasi kwa namna ambayo fundi akiisoma hatajenga kitu kingine. Hayo hujifunzwa kwa mazoezi, na miezi iliyopo kati ya mtihani wa Mei na kufunguliwa kwa vyuo, hata ukitoa wiki za Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa waliopangiwa, inatosha kuyaanza.

Tumalize kwanza la kuingia chuoni, maana lina mitego yake. Tanzania, tangu mwaka wa masomo 2017/18, maombi hupelekwa moja kwa moja chuoni. Kigezo cha jumla cha Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) ni ufaulu wa kuanzia E kwenda juu katika masomo mawili ya tahasusi, yenye jumla ya pointi 4.0, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Hicho ni kizingiti tu. Kila programu huongeza masharti ya masomo, na ushindani huongeza yake. PCM (Fizikia, Kemia, Hisabati) ndiyo salama zaidi. Mwenye PGM (Fizikia, Jiografia, Hisabati) au EGM (Uchumi, Jiografia, Hisabati) asome mwongozo wa TCU wa mwaka huohuo anaoomba, asitegemee wa kaka yake. Aliyechukua HGL (Historia, Jiografia, Kiingereza) njia yake ni ndefu zaidi: mara nyingi huanzia cheti na stashahada ya ufundi, ambako kinachoangaliwa kwanza ni Hisabati na Fizikia ya kidato cha nne.

Mtego wa pili ni majina. Ndani ya Chuo Kikuu Ardhi peke yake kuna usanifu majengo, usanifu wa mandhari, usanifu wa ndani, uchumi wa majenzi na mipango miji, na kila moja huelekea kwenye kazi yake. Usijaze usanifu wa ndani ukitumaini kuhamia usanifu majengo mwaka wa pili. Kuhama huhitaji nafasi iliyo wazi na sifa zilezile za kuingilia. Mtego wa tatu ni mdogo lakini umeshawatia watu hasara: ukichaguliwa na zaidi ya chuo kimoja, lazima uthibitishe kimoja kwa namba ya siri inayotumwa kwenye simu. Laini uliyojaza kwenye fomu iwe yako, siyo ya mwenye kibanda cha intaneti aliyekusaidia kujaza.

Sasa futi kamba. Ya mita 8 au zaidi inafaa kwa nyumba. Ongeza karatasi za A3, penseli tatu (2H ya mistari ya kuanzia, HB, na 2B ya kukolezea), kifutio, na rula ya skeli ya pembetatu yenye 1:50 na 1:100. Jengo la kwanza liwe unalolala. Kwa Dar es Salaam na miji mingi ya pwani, bora kuliko yote ni ile nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita: ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, uani nyuma kwenye jiko, choo na bafu. Inaonekana nyepesi kwa sababu vyumba vinafanana. Ukivipima utakuta havilingani.

Anza bila kupima chochote. Chora ramani nzima kwa mkono kwenye karatasi moja, kubwa, yenye nafasi ya kuandika namba. Wengi hukimbilia kupima, wakarudi na orodha ya vipimo 40 wasijue kipi ni cha dirisha lipi. Ukishakuwa na mchoro, pima kwa mfululizo: shikiza ncha ya futi kwenye kona moja na usiiachie, usome ukingo wa dirisha, ukingo wake wa pili, mlango, hadi kona ya mwisho, zote kutoka sifuri ileile. Ukipima kipande kimoja kimoja na kujumlisha, kosa la milimita 5 kwa kila kipande katika vipande vinane linaweza kufika milimita 40, na hapo chumba hakitafungika kwenye karatasi.

Halafu pima ulalo. Chumba cha mita 3.60 kwa 4.20 chenye kona za mraba kina ulalo wa mita 5.53 pande zote mbili. Ukipata 5.60 upande mmoja na 5.46 mwingine, chumba kimepinda, na mchoro wako lazima uonyeshe hivyo. Usikinyooshe kwa huruma. Unene wa ukuta usomwe mlangoni au dirishani: tofali la inchi sita ni milimita 150, na plasta ya kama milimita 15 kila upande hufanya 180. Anayechora ukuta kwa mstari mmoja hugundua baadaye kwamba nyumba yake ya ndani ni ndefu kuliko ya nje. Ukaguzi ni rahisi: vipimo vya ndani pamoja na unene wa kuta zote lazima vilingane na kipimo cha nje. Visipolingana, tafuta ukuta uliousahau.

Baada ya namba ndipo swali linaloleta faida: kwa nini kipimo hiki? Kwenye nyumba za kale za mawe za Mji Mkongwe, Zanzibar, vyumba ni virefu lakini vyembamba, mara nyingi chini ya mita 3. Sababu iko juu ya kichwa: dari imebebwa na boriti za mikoko, na mti wa mkoko haukupi urefu zaidi ya hapo. Unene wa kuta wa karibu nusu mita unatokana na mawe ya matumbawe na chokaa, ambavyo havibebi uzito vikiwa vyembamba. Mwanafunzi anayeona uhusiano huo kati ya kifaa cha ujenzi na upana wa chumba ameshaingia kwenye fani, hata kama mistari yake bado inatetemeka.

Wengi huishia kwenye ramani ya sakafu. Hilo ndilo kosa ninaloliona kuwa kubwa kuliko yote, kwa sababu jengo hueleweka kwenye mkato: ulikate kama mkate, utazame ndani. Pima sakafu hadi dari, kizingiti cha dirisha (mara nyingi kama milimita 900), linta, yaani boriti ya juu ya dirisha na mlango (kama 2100), kina cha kibaraza, yaani kifuniko kinachochomoza juu ya dirisha, mwinuko wa paa. Ukifika kwenye ngazi ndipo utajua kama umeelewa. Kanuni inayotumika sana ni kwamba vimo viwili vya ngazi (kimo ni urefu wa kupanda daraja moja) ukijumlisha na upana wa kikanyagio kimoja (pale mguu unapokanyaga) upate kati ya milimita 600 na 630. Chukua ghorofa yenye mita 3 kutoka sakafu hadi sakafu. Gawa kwa 18: kila kimo ni milimita 167. Kikanyagio kikiwa 280, jumla ni 614, vizuri. Lakini vikanyagio ni 17, siyo 18, kwa sababu cha mwisho ni sakafu ya juu yenyewe, na 17 mara 280 ni mita 4.76. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza huiachia ngazi mita 3 kwenye ramani, kisha kwenye mkato inawagonga ukuta. Ukiigeuza katikati iwe vimo tisa kwa tisa, unahitaji vikanyagio vinane kila upande, mita 2.24, na jukwaa la kugeukia la mita 1 hadi 1.2. Bado ni zaidi ya mita 3.

Hapo ndipo hisabati ya shule inapoingia, na ni nyepesi kuliko watu wanavyoogopa. Integrali utakutana nazo mara chache. Trigonometria kila siku. Mfano ni jua. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwezi Juni jua la saa sita mchana liko upande wa kaskazini, kimo cha kama nyuzi 60 kutoka upeo wa macho. Dirisha la kaskazini lenye urefu wa mita 1.2 litafunikwa kivuli chote saa hiyo na kibaraza ambacho kina chake ni mita 1.2 ikigawanywa kwa tanjenti ya nyuzi 60, yaani sentimita 69 hivi. Desemba jua huhamia kusini, lakini linakuwa juu zaidi na kivuli hupatikana kwa kibaraza kifupi. Mashariki na magharibi ndiko kwenye taabu: jua la asubuhi na la alasiri liko chini, na hakuna kibaraza cha kawaida kitakachokuokoa. Ndiyo maana jengo la pwani hupendelea kulaza urefu wake mashariki–magharibi na kufungua madirisha kaskazini na kusini. Na anayeishi Dar azitazame picha za soko la Kariakoo la msanifu Beda Amuli, lililofunguliwa mwaka 1975: paa lake ni miamvuli ya zege, nayo inafundisha kuhusu kivuli na upepo kuliko vioo vingi vya mjini.

Kuhusu kompyuta: haikwepeki, lakini si ya kununuliwa kwa pupa. Programu za michoro ya vipimo vitatu hutaka RAM ya GB 16, diski ya SSD ya GB 512 na kadi ya picha inayojitegemea. Kompyuta ya GB 4 iliyonunuliwa haraka itauzwa kwa hasara ndani ya mwaka. Subiri uone studio yenu, yaani darasa la kuchora chuoni, inatumia programu gani. Kampuni ya Autodesk hutoa programu zake za kuchorea, AutoCAD na Revit, bure kwa wanafunzi wa vyuo vinavyotambuliwa, kwa hiyo zile za kuibwa zinazosambazwa kwa flashi, pamoja na virusi vyake, hazina sababu. Kumbuka pia kwamba faili la Revit lililohifadhiwa kwa toleo jipya halifunguki kwenye toleo la zamani. Kundi zima likubaliane toleo kabla ya kugawana kazi.

Kazi nyingi nzuri huharibikia steshenari, usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha. Ukipeleka faili la AutoCAD lenyewe, mashine ya pale haina fonti zako na maandishi yanaruka, peleka PDF. Ukimwacha mwenye mashine achague mchoro ujae karatasi, 1:100 inageuka kuwa kitu kisicho na jina. Karatasi ya kwanza ikitoka, weka rula ya skeli juu ya mlango wa milimita 900 kabla hajachapa zilizobaki. A1 ni milimita 594 kwa 841. Acha pembezoni milimita 10 kila upande, mashine nyingi hazifiki ukingoni.

Modeli nazo zina hesabu yake. Kwa 1:50, ukuta wa milimita 150 ni kadibodi ya milimita 3. Kwa 1:100 ni milimita 1.5. Ukikosea unene, vyumba vyote vinasinyaa. Kata kwa rula ya chuma na wembe mpya, pitisha mara tatu au nne kwa mkono mwepesi. Anayekandamiza mara moja huvuta kingo na kujikata kidole. Gundi ya haraka huyeyusha foamu nyeupe, tumia gundi ya mbao.

Siku ya kuwasilisha walimu watasema maneno makali mbele ya darasa zima. Aliyefanya kazi nzuri naye husemwa. Kinachosaidia ni kumpa mwenzako kalamu aandike kila kinachosemwa, kwa sababu anayesimama mbele hukumbuka lawama akasahau ushauri. Na mwalimu akiuliza kwa nini dirisha liko pale, «linapendeza» ni jibu la kukuangusha. Taja upepo, jua, faragha, au kipimo cha kitanda.

Kwa upande wa muda, jiandae kwa miaka mingi kuliko wenzako wa fani nyingine. Chuo Kikuu cha Nairobi, kwa mfano, kwa muda mrefu kimepanga miaka sita: minne ya kwanza, kisha miwili. Shahada nayo haikufanyi msanifu kisheria. Tanzania, Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi hutaka mafunzo ya kazi chini ya aliyesajiliwa pamoja na mitihani yake. Kenya bodi ya aina hiyo ni BORAQS. Anayekwenda kusoma nje aulize bodi ya nyumbani kwanza kama shahada hiyo inatambuliwa, na aangalie jina lake vizuri, maana uhandisi wa majengo si usanifu majengo hata kipeperushi kikiwa na picha zilezile.

Nafasi za mafunzo ya vitendo hazitangazwi sana. Ukipita penye jengo linalojengwa, soma kibao cha mbele: kuna jina la ofisi ya msanifu, mkadiriaji, mhandisi na mkandarasi. Andika majina ya ofisi za wasanifu, peleka barua kabla muhula wa pili haujaisha, na uambatanishe kurasa tatu za A3 kwenye PDF moja ndogo. Ukurasa mmoja kati ya hizo uwe mkato.