Mkono Mfukoni

Februari ya Dar haimwonei huruma mtu aliyevaa jinzi ya mtumba. Mimi nilivaa, tena ya kubana, maana fundi simu wa Kariakoo usipopendeza wateja wanakuona mwizi. Mwizi nilikuja kuitwa hata hivyo.

Muwasho ulianzia kwenye mikunjo ya mapaja. Nikasema joto hili. Wiki ya pili pakatokea duara: kingo zimeinuka zina magamba, katikati pamepoa. Usiku nilijikuna mpaka kitanda kikalalamika. Mchana ndiyo ikawa kasheshe, kwa hiyo nikatoboa mfuko wa suruali kwa ndani, mkono upite.

Uvumbuzi ule ulidumu siku tatu. Siku ya nne niko ndani ya mwendokasi kutoka Kimara, tumebanana kama dagaa, mkono uko kazini. Mama mmoja mwenye kikapu akanikazia macho.

"We kijana, hebu toa huo mkono tuuone."

"Ni simu tu, mama."

"Simu gani inatetemeka kituo hadi kituo?"

Abiria wote wakaanza kujipapasa mifuko. Balaa, bwana mmoja hakuiona pochi yake. Wakanishusha Urafiki na kunipekua, mlinzi akatia mkono mfukoni mwangu, ukapitiliza. Aliurudisha haraka kuliko aliyeshika kaa la moto. Pochi, kumbe, ilikuwa mfuko wa nyuma wa mwenyewe.

Jioni nikamsimulia Side, tunayepanga naye chumba kimoja. Side ana jibu la kila kitu. Kwanza akaniazimia krimu ya uso ya mchumba wake. Niseme ukweli, ilituliza. Siku nne nililala kama mtoto, ya tano duara likahamia makalioni na kuzaa wenzake. "Sasa hii inataka dawa kali," akasema Side, akanipa chupa ya ile dawa ya kahawia ya kusafishia vidonda, ambayo ukiitia kwenye maji inageuka nyeupe kama tui. Mimi maji sikutia.

Bafu letu ni la uani, mlango wake ni khanga. Sikumbuki khanga ilienda wapi. Nakumbuka mama mwenye nyumba akipepeta mchele, nami nikikimbilia pipa la maji nikiwa na kopo tu mbele. Hakuinua macho. "Kopo hilo ni la kunywea, baba," akasema, akaendelea kupepeta.

Asubuhi nilitembea kwa kutanua miguu hadi zahanati. Daktari alikuwa dada mmoja kijana. Akanitazama, akatabasamu. "Kaka, si wewe uliyenibadilishia kioo?"

Ndiye. Tena nilimgombeza siku ile kwa sababu simu iliingia maji akaipuliza na kuifungua mwenyewe kabla ya kuileta.

Alinipima kwa utulivu mpaka aibu ikanitoka, akaniuliza nimepaka nini na nini. Nikataja. Akaweka kalamu chini. "Kwa hiyo umeshafungua mwenyewe." Akasema mwanzo ilikuwa fangasi tu, wanapenda joto na jasho. Ile krimu ina dawa inayonyamazisha muwasho, huku fangasi wanashiba na kusambaa. Juu yake nikajiunguza. Akaniambia nioshe kwa maji matupu mpaka ngozi ipoe, halafu nipake klotrimazoli, krimu ya kuua fangasi, mara mbili kwa siku, na nisiache siku muwasho unapokoma bali niendelee wiki mbili zaidi. Chupi za pamba, nijikaushe vizuri.

"Na ningesubiri mpaka lini kuja?"

"Wiki mbili za dawa sahihi bila nafuu, unakuja. Ila vidonda, malengelenge, usaha, homa au maumivu ya kukojoa, hapo usisubiri hata kesho. Na ikiwa inarudi rudi tutakupima sukari." Kisha akauliza, "Taulo unatumia la nani?"

Nikanyamaza. Taulo letu ni moja, la bluu, lina picha ya pomboo. La Side.

Niliporudi nilimkuta kibarazani, mkono mfukoni, unatetemeka.

"Mwanangu," akasema, akiiinua ile chupa juani aone imebaki kiasi gani, "hii ulipaka kidogo au nyingi?"