Begi Lililosafiri Nje ya Basi

Basi la kwanza kutokea baada ya kituo kukaa kikavu huwa limejaa. Likichelewa kidogo, kituo cha mbele kinakuwa na watu wengi zaidi, watu hao wanapanda kwa muda mrefu zaidi, na muda huo unalichelewesha tena. La nyuma yake linakuta vituo vimeshafagiliwa, halina la kusimamia, linakwenda mbio mpaka linalishika. Ndiyo maana mabasi huja mawili mawili. Watafiti Newell na Potts waliliandika jambo hilo kihesabu mwaka 1964. Bahati mbaya, bosi hapokei hesabu za Newell na Potts, kwa hiyo asubuhi ile kituo kizima tulilivamia la kwanza.

Niliingia wa mwisho, mlango wa nyuma, mgongo kwenye kioo, pua kwapani mwa bwana mmoja mrefu aliyeshika bomba la juu.

Mlango ule una walinzi wawili. Wa kwanza ni mwali wa mwanga usioonekana unaopita juu ya ngazi. Mguu ukiukata, mlango haufungi, na mlango usipofunga, breki hazilegei. Safari ya watu 80 ikabaki inasubiri kisigino changu.

"Wewe wa mlangoni, sogea ndani!"

Ndani wapi? Nikavuta tumbo, nikasimama kwa vidole vya mguu mmoja kama korongo. Mlango ukafunga.

Mlinzi wa pili ni raba ya ukingoni. Ni tupu ndani. Ikibanwa, hewa iliyomo inasukuma swichi na mlango unarudi nyuma. Mkono inautambua. Mguu inautambua. Mkanda wa begi, wenye unene wa milimita mbili hivi, haiujui hata kwa salamu. Raba mbili zikaukumbatia mkanda, taa ya mlango ikazimika kwa dereva, gari likaondoka. Mkanda ulikuwa begani kwangu. Begi, pamoja na chakula cha mchana na kitambulisho cha kazi, lilikuwa nje linagonga bodi kila tukikata kona.

"Dereva, begi!" nikapaza sauti. Basi likiwa limeshona hivyo, sauti haifiki mbele, inapokezanwa. Ilipofika katikati ilikuwa "mwizi wa begi", na kila abiria akakumbatia la kwake huku akinitazama mimi.

"Vuta hicho chekundu, mwanangu," mama mmoja akanielekeza kwenye mpini wa dharura juu ya mlango.

Mpini ule unatoa upepo kwenye silinda ya mlango; upepo ukiisha, mlango unasukumika kwa mkono. "Mama," nikamjibu, "huo mlango ndio nimeuegemea. Ukifunguka, mimi na begi tutakutana lami."

Nikabonyeza kitufe cha kushukia. Kilikwisha kubonyezwa na mtu mwingine, na kubonyeza tena hakumwongezei dereva habari yoyote, taa ni ileile. Nikakibonyeza hivyo hivyo, kwa ajili ya moyo wangu.

Kituoni akafungua mlango wa mbele tu. Wa nyuma una swichi yake, na yeye hakuona wa kushuka kwa ukuta wa vichwa uliojaa kwenye kioo chake. Hapo ndipo basi la pili likatufikia, siti tupu kutoka mwanzo hadi mwisho, abiria wachache wamekunja nne, wote wananyooshea kidole begi langu. Dereva wao, mtu mwema, akapiga honi kutuonya. Wa kwetu akadhani anaharakishwa. Akakanyaga mafuta.

Kituo kilichofuata mlango wa nyuma ukafunguka. Begi likaanguka, mimi nikafuata, kwani waliokuwa nyuma yangu walikuwa wanashuka, na wanaoshuka hawana breki. Kabla sijajifuta vumbi, mlango ukafunga na basi likaenda zake na yule bwana mrefu.

La pili likasimama mbele yangu. Nikapanda na mkanda mmoja mkononi, begi kifuani. Siti zilikuwa za kuchagua. Dereva akanitazama, akatazama mzigo, akawageukia abiria wake.

"Jamani, mwenyewe huyu hapa."

Wakapiga makofi.