Almasi ya Pili na Jogoo wa Shemeji

Jamani, nani aliyeiambia kamati ya jubilei kwamba mimi nina hela? Nauliza tu, sina ugomvi na mtu.

Misheni yetu huku mlimani Kilimanjaro imetimiza miaka 75. Mwenyekiti wa jumuiya alikuja nyumbani jioni, akavua kofia mlangoni, akasema, "Tumsifu Yesu Kristo." Mtu akikuamkia hivyo saa moja usiku akiwa na daftari kwapani, ujue hiyo "milele amina" utakayomjibu ina bei yake. Akafungua daftari: jubilei ya almasi, kila kaya shilingi 50,000.

Nikamwambia, mwenyekiti, ngoja kwanza. Almasi si tulishafanya? Kanisa lilipotimiza miaka 60 tulichanga, tukashona sare, tukala ndafu, na bango la mlangoni liliandikwa ALMASI, herufi zinaonekana toka barabarani. Kitenge cha siku ile mke wangu Mama Anna bado anapigia deki. Mwenyekiti akakuna kichwa. Eti wapo wanaohesabu almasi miaka 60, wapo wanaohesabu 75, na kamati imekaa ikaona wote wako sahihi. Wote! Ile almasi ya waridi ya mgodi wa Mwadui aliyopewa Elizabeth wa Uingereza alipoolewa mwaka 1947 ilitolewa mara moja, mambo yakaisha. Mimi mtu wa mgombani nalipia almasi mbili na hata kipande cha chupa sijakiona.

Na hiyo 50,000 ni ya kaya. UWAKA, chama cha kina baba Wakatoliki, tuna ng'ombe wetu. Mama Anna yuko WAWATA ya kina mama, wao wana keki na zawadi ya Baba Askofu. Kijana yuko VIWAWA ya vijana, anadai fulana. Mdogo wake yuko Utoto Mtakatifu, chama cha watoto, anatakiwa soksi nyeupe, na hapa kwetu soksi nyeupe ikikanyaga udongo mara moja si nyeupe tena. Vyama vinne, suruali moja.

Tena mfuko huu umeshapitiwa na jubilei nyingi. Mwaka 2000 ilikuwa Jubilei Kuu. Mwaka 2018 miaka 150 ya uinjilishaji. Mwaka 2025 tukaitwa Mahujaji wa Matumaini. Matumaini ninayo, nauli ya hija ndiyo sina.

Sherehe ikapangwa Desemba. Unajua kwa nini Desemba? Ndio mwezi ambao ndugu zetu wa Dar na Arusha wanapanda mlima na magari yao, kila mmoja kaliosha darajani kabla hajafika. Basi wao wakakaa ndani, mabenchi ya mbele. Sisi tunaosali pale Jumapili zote, masika yote, tukapewa turubai nje. Mimi nikaangukia kiti cha plastiki chenye mguu uliopasuka, mbele ya spika. Misa nzima nimekaa kwa paja moja. Kwenye mageuzo ya mkate na divai nikapiga magoti kwa furaha, si kwa uchaji, Mungu anisamehe.

Halafu ikaja historia ya parokia. Katekista mstaafu akasimama na karatasi kumi na moja, nikazihesabu. Nilidhani ataanza na kanisa letu. Akaanza na Bagamoyo mwaka 1868, mapadre wa Roho Mtakatifu wanavuka kutoka Unguja. Tulipofika Kilema, huku huku mlimani, mwaka 1890 jua lilikuwa limeshahama, linanichoma shavu la pili. Akaeleza walivyokuja na msalaba mkono huu na mche wa kahawa mkono ule. Hapo nikainama. Kahawa ya marehemu baba nimeshaing'oa, nimepanda maparachichi, na katekista alikuwa ananiangalia.

Nilikuwa nasubiri jina moja tu. Babu yangu alisomba mawe ya kanisa lile kutoka mtoni, kichwani, juu ya ngata ya majani makavu ya mgomba. Mpaka anakufa utosi wake ulikuwa na bonde; sisi wajukuu tulikuwa tunapishana kuingiza kidole. Karatasi ya nane katekista akasoma: "Na waumini walisomba mawe." Akageuza ukurasa. Waumini! Ng'ombe wa sherehe alitajwa kwa rangi, na aliyemtoa akasimamishwa apigiwe makofi.

Sasa mnada. Mimi nilitoa jogoo. Watu wakanisifu, lakini ukweli ni kwamba yule jogoo anawika saa nane usiku. Aliyemwikia Mtakatifu Petro alikuwa na sababu. Huyu wangu hana. Nikasema nimtoe, nipate usingizi na baraka kwa pamoja. Emsii akamwinua juu: "Jogoo wa jubilei, nani anasema elfu ishirini?" Shemeji yangu wa Arusha akasimama, miwani kichwani, akatamka laki na nusu. Vigelegele. Niliyepiga makofi kuliko wote ni mimi, mpaka kiti kikamaliza kupasuka.

Jioni shemeji huyo hapo uani, jogoo kwapani, kafungwa miguu kwa kamba ya mgomba. "Shemeji, kesho narudi mjini, na gari lina viti vya ngozi. Nifugie huyu mpaka Pasaka, nije tumle. Ila umtunze, huyu ni jogoo wa laki na nusu."

Basi jogoo wangu sasa ni jogoo wa mtu. Kumchinja siwezi, kumfukuza siwezi. Analala jikoni asiibiwe, anakula mahindi ya kununua, na sauti imezidi kufunguka. Juzi shemeji kapiga simu. Dada yake hakumuuliza, watoto hakuwauliza. "Jogoo hajambo?"

Nikamwambia, shemeji, piga saa nane usiku, utaongea naye mwenyewe.