Nyumba kwanza, tarumbeta baadae

Jamani hii habari inasema muziki ndio umeurudisha mji wa New Orleans, Marekani, baada ya kimbunga Katrina, sawa sikatai, ila mbona mnaruka hatua, mpiga tarumbeta alale wapi kwanza? Ile 2005 kingo za kuzuia maji zilipasuka na kama asilimia 80 ya mji ikazama, hadi Fats Domino mwenyewe, yule mwimbaji na mpiga piano, na jina lake lote lile ilibidi aokolewe kwake mtaa wa Lower Ninth Ward, piano zikabaki kwenye tope, sasa fikiria yule anayepiga kwenye baa na misiba tu, hana bima hana nini. Wengi walikimbilia huku Houston wakakwama, nauli ya kurudi unaweza kuipata lakini unarudi kwenye nini. Kilichonikosha mimi ni ile Musicians' Village, yaani mtaa wa nyumba za wanamuziki, wazo la wanamuziki wa huko huko Harry Connick Jr. na Branford Marsalis pamoja na Habitat for Humanity, shirika la kujengea watu nyumba, nyumba 72, na sio za bure eti, unakopeshwa bila riba na nyundo unashika mwenyewe. Wakaongeza na kituo cha kufundishia watoto muziki, 2011 kikafunguliwa. Ila kodi za kupanga huko siku hizi mmh, hapo mwandishi kanyamaza kimya kabisa