Mifupa ya Mulago Ina Wenyewe

Nilipokuwa bado polisi, tuliitwa kijiji kimoja cha Luwero, Uganda. Vijana waliokuwa wakichimba msingi wa nyumba walikuta fuvu, mbavu kadhaa na mfupa mzima wa paja. Kule mifupa haishtui sana. Baada ya vita vya msituni kuisha mwaka 1986, mafuvu yalikuwa mengi hata watu wakayapanga kando ya barabara, kila mpita njia ayaone. Lakini sheria ni sheria, ilibidi tuichukue. Tukaitia kwenye gunia la mahindi (Mungu anisamehe, hatukuwa na kitu kingine) tukaipakia nyuma ya pikapu.

Huko Kampala daktari alipima ule mfupa wa paja, akafungua jedwali, akatutajia urefu wa marehemu. Nikamwuliza jedwali lenyewe limetoka wapi. Akacheka. "Afande, hawa ni Wamarekani."

Hakuwa akitania. Hesabu zinazotumika sana duniani kukadiria kimo cha mtu kwa mfupa zilichapishwa mwaka 1952. Zilitokana na wanajeshi wa Marekani waliokufa katika Vita vya Pili na mkusanyiko wa Terry, mifupa ya watu 1,728 iliyokusanywa St. Louis, ambayo leo iko kwenye makumbusho ya Smithsonian, Marekani. Sasa mchukue Mwacholi mwenye miguu mirefu na kiwiliwili kifupi, umpime kwa jedwali la mtu wa St. Louis. Utampa kimo ambacho hakuwa nacho. Ndugu wanamtafuta mtu wa wastani, ripoti inasema alikuwa mrefu, na faili linarudi kabatini.

Ndiyo maana siko upande wa wanaosema mifupa yote iliyo vyuoni izikwe kesho asubuhi. Sisi wenyewe tunao mkusanyiko, na ni hazina. Uko Idara ya Anatomia ya Chuo Kikuu cha Makerere, kilimani Mulago penye hospitali kuu ya Kampala, na unaitwa kwa jina la Profesa Alexander Galloway. Mifupa ile ni ya watu wa huku kwetu waliokufa miaka ambayo babu zetu wengine wanaikumbuka. Wengi wao wameandikwa jinsia, umri na kabila. Mtafiti akitaka kujua nyonga ya mwanamke wa Uganda inatofautianaje na ya mwanamume, au kichwa cha mtulinga huungana lini (huo hufunga mwisho kabisa, mtu akiwa ameshavuka miaka 20 na ushee), hana haja ya kupanda ndege.

Ninachogombana nacho ni neno moja: "wasiodaiwa". Maiti za kufundishia madaktari wetu kwa miaka yote zimekuwa hasa zile zilizolala mochwari bila mtu kuja kuzichukua. Tunalitamka neno hilo kana kwamba watu wale waliota ardhini kama uyoga. Kampala na Buganda ya miaka ya 1950 ilijaa vibarua waliotembea kwa miguu kutoka Rwanda, Burundi na Kigezi, kusini magharibi mwa Uganda, kuja kulima pamba na kahawa ya wenyewe. Kibarua akiugua, analazwa Mulago. Akifa, nani atapeleka habari? Simu hakuna. Barua ikifika, mwezi umekwisha. Mama yake yuko hai, anachungulia njia kila jioni, na huku mjini karani anaandika: hana ndugu. Pengine kwao walizika mgomba badala yake, maana baadhi ya koo zetu hufanya hivyo mtu akipotea. Kumbe mwenyewe yuko ndani ya boksi, na utambulisho wake ni namba na kabila.

Tazama na kinaya hiki. Galloway alifundisha Afrika Kusini kabla ya kuja kwetu, na mwaka 1959 alichapisha kitabu juu ya mifupa iliyofukuliwa Bambandyanalo, karibu na Mapungubwe, mji wa kale wa huko Afrika Kusini. Mifupa iliyofukuliwa maeneo yale ilirudishwa ardhini mwaka 2007 baada ya jamii za huko kuidai. Ile inayobeba jina lake hapa Kampala sijasikia mtu akiidai, na wengi hawajui hata kwamba ipo.

Berlin tunaipigia kelele, na ni haki yetu. Mwaka 2023 watafiti wa huko walitoa matokeo juu ya mafuvu kama 1,100 yaliyochukuliwa Afrika Mashariki enzi za Wajerumani, mengi ya Rwanda, na kwa vipimo vya DNA machache yakapatiwa jamaa walio hai Tanzania. Zaidi ya miaka mia moja imepita, lakini ndugu walipatikana. Basi aliyefia Mulago juzi tu, mwaka 1955, anashindikana vipi? Au fuvu linakuwa na heshima tu likiwa limeibwa na Mzungu?

Na Waganda wasiniambie mifupa ni mifupa tu. Huku taya la Kabaka lilikuwa likitolewa na kujengewa nyumba yake, kwa kuwa roho yake hukaa hapo. Muteesa wa Kwanza, mwaka 1884, ndiye aliyevunja mwiko akazikwa Kasubi na taya lake. Mabaki ya Kibuuka, mungu wa vita, yalichukuliwa na mmisionari John Roscoe hadi Cambridge, yakarudishwa wakati wa uhuru mwaka 1962. Mungu wa vita alipata wa kumdai. Kibarua wa pamba, je?

Ninachotaka si kikubwa. Rejesta ifunguliwe. Chochote kilichoandikwa, iwe ni kabila, mwaka au ugonjwa, kisomwe redioni kwa Kinyarwanda, Rukiga, Luganda, Kiswahili. Ndugu akijitokeza, aulizwe anataka nini. Wenzangu wa maabara wanaogopa kwamba rafu zitabaki tupu. Sidhani. Chuo Kikuu cha Cape Town kilipogundua mwaka 2017 kwamba kina mifupa ya watu wa Sutherland, mji wa huko huko Afrika Kusini, iliyoingia kwa njia isiyo ya kimaadili, kiliziendea familia. Familia zenyewe zikaomba ichunguzwe kwanza, zijue wazee wao waliishije, ndipo ikazikwa mwaka 2023. Mtu akiheshimiwa huweza hata kukukopesha mfupa wa babu yake.

Wahenga walisema maiti haulizwi sanda. Kweli, lakini sanda hiyo hununuliwa na mtu. Wiki mbili baada ya lile gunia, bibi mmoja alikuja posti yetu. Akaniuliza kwa Luganda, "Ssebo, yule mtu mmempeleka wapi?" Hakusema mifupa, alisema mtu. Nikamjibu, "Kampala, jajja." Akauliza Kampala wapi. Sikujua. Akafungua kanga yake, akatoa kipande cha lubugo, kitambaa cha gome la mti tunachozikia, kilichokunjwa vizuri, akakiweka mezani. Hakuwa na hakika kama ni mwanawe, alisema, lakini asilale uchi.

Nilipohamishwa mwaka uliofuata, kile kipande kilikuwa bado juu ya kabati la mafaili.