Uloto wa ndugu kwa mtoto wa selimundu: nani anafaa, na lini?

Tangu Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ianze kupandikiza uloto (ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu) kwa watoto wenye selimundu mwaka 2023, wazazi wengi wameacha kuuliza kutibiwa India ni shilingi ngapi. Wanauliza: wangu naye anaweza?

Kwamba tiba inaponya, hakuna ubishi. Dawa kali za kemotherapi huufuta uloto wa mgonjwa, kisha seli shina za ndugu yake, zile zinazozaa seli za damu, huingizwa kwenye mshipa kama mtu anavyoongezewa damu. Hakuna kisu kwa mgonjwa, ingawa wengi hudhani ni upasuaji. Uchambuzi uliotolewa mwaka 2017, wa wagonjwa 1,000 waliopandikizwa kutoka kwa ndugu waliolingana nao, ulionyesha kuwa takriban asilimia 93 walikuwa hai baada ya miaka mitano.

Kikwazo ni huyo ndugu. Lazima awe wa baba mmoja mama mmoja. Wa mama mwingine, hata wafanane kama mapacha, kwa kawaida hafai. Uwezekano wa kulingana tishu, yaani alama za seli ambazo kinga ya mwili huzitambua, ni mmoja kati ya wanne. Tena asiwe na selimundu mwenyewe (mwenye vinasaba vya AS, yaani aliyerithi kinasaba cha selimundu kwa mzazi mmoja tu, anaruhusiwa), na wazazi wote wawili wakiwa AS, kila mtoto ana nafasi tatu kati ya nne za kuepuka ugonjwa. Zidisha: tatu kati ya 16. Mgonjwa mwenye ndugu mmoja tu ana nafasi isiyofika moja kati ya tano. Mwenye ndugu wanne inavuka nusu kidogo. Kupandikiza kutoka kwa mzazi anayelingana nusu kunawezekana, ila hatari ya uloto kukataliwa huongezeka.

Sasa tuseme ndugu kapatikana. Matokeo ni mazuri zaidi mtoto akiwa mdogo, kabla figo, mapafu na ubongo havijaharibika. Lakini huyo ndiye mtoto ambaye, maumivu yakitulia, anacheza mpira na wenzake. Mzazi ambaye mwanawe ameshapata kiharusi huamua upesi. Mzazi wa huyu wa mpira anaombwa aweke sahihi akijua kuwa wachache hawatoki wodini, kwamba seli za ndugu zinaweza kushambulia ngozi, ini na utumbo wa mgonjwa, na kwamba dawa zile zinaweza kumnyima uzazi ukubwani. Hili la uzazi linasemwa kwa kunong'ona, hasa akiwa binti. Mimi naona liwe la kwanza kusemwa.

Wanaopinga fedha kwenda kwenye upandikizaji wana hoja nzito: Tanzania inakadiriwa kuzaa watoto 11,000 wenye selimundu kila mwaka, na wodi ya uloto ina vyumba vya kuhesabika. Wakati huohuo kuna hidroksiurea, kidonge cha kila siku. Utafiti uliofanyika Angola, Kongo, Kenya na Uganda, matokeo yakatoka mwaka 2019, ulionyesha kinapunguza maumivu, malaria, kuongezewa damu, na vifo. Hakiponyi, lakini kinaweza kuwafikia maelfu. (Ile tiba ya kuhariri jeni iliyoidhinishwa Marekani Desemba 2023, kwa bei ya dola milioni 2.2, tuiache huko kwanza.)

Kwa idadi, wapinzani wameshinda. Sikubali wodi ifungwe kwa sababu hiyo: wauguzi wanaoweza kumlinda mtoto asiye na kinga kabisa ndio watakaohitajika kwa saratani za damu pia, na Muhimbili ilianza kupandikiza na wagonjwa wa saratani ya uloto mwishoni mwa 2021. Ila fedha za kwanza ziende kwenye kipimo cha selimundu cha tone la damu la kisigino cha mtoto mchanga. Asiyegunduliwa mapema huenda asifike hata umri wa kupandikizwa.

Na familia zinazofungua kundi la WhatsApp la michango leo zianze kwa kuwapima ndugu tishu. Nyingi huchanga kwanza, zikapima baadaye.